Hesabu hatua kwanza, lenzi baadaye: kuchagua objektifi ndefu ya mpira na ya ndege hapa Lubumbashi

Swali linalonifikia sana ni hili, yaya, ninunue objektifi gani, yaani lenzi gani, ya kuvuta mbali, na mimi kabla ya kujibu namuuliza mtu mambo mawili tu, unasimama wapi ukipiga, na unapiga saa ngapi. Wengi wanashangaa, maana walitegemea niwatajie milimita na bei. Lakini lenzi ya milimita 600, inayovuta mbali sana, haitakusaidia kama mechi ya mtaani kwenu inaanza saa kumi jioni na inaisha jua limeshazama, na ile ya f/2.8, inayoingiza mwanga mwingi na ya makuta mengi, yaani bei kubwa, haitakusaidia kama ndege unayemtaka anakaa ng'ambo ya maji, mita 40 toka ulipo. Umbali na mwanga ndo vinachagua lenzi.

Basi siku moja nenda uwanjani bila aparei, yaani kamera, utembee. Toka pale unaposimamaga mpaka pale mchezo unapochezwa, hatua moja ndefu ya mtu mzima ihesabu kama mita moja. Uwanja mkubwa uliopimwa vizuri una mita 105 kwa 68, vile vya mitaa yetu ya Katuba, Kenya ama Ruashi kila kimoja kina kipimo chake, ndo maana nakwambia utembee mwenyewe. Ukishapata umbali, fanya hesabu hii: mita zidisha kwa 24, gawanya kwa milimita za lenzi, jibu ni upana wa eneo litakaloingia kwenye foto, kwa mita. Hiyo 24 ni ya aparei zenye sensa ndogo (sensa ni kile kipande kinachopokea mwanga), APS-C, ambazo ndo wengi wetu tunazo. Kama yako ni fulufremu, yenye sensa kubwa, weka 36.

Tuseme umekaa nyuma ya goli na mchezaji yuko katikati ya uwanja, mita 50. Kwa lenzi ya 200 unapata 50 mara 24 gawanya 200, mita 6 za upana, na urefu wa kwenda juu ni theluthi mbili ya hapo, mita 4. Mtu wa mita 1.8 hafiki hata nusu ya foto. Kwa 300 upana unakuwa mita 4 na urefu kama 2.7, hapo mchezaji anajaza theluthi mbili na uso unasomeka. Ila akishafika kwenye boksi mbele yako, mita 15, ile 300 imekuwa ndefu kupita kiasi, unakata miguu, unakata mpira, ndo maana kwa mpira ni zumu, usihangaike na lenzi isiyovuta wala kurudi.

Ndege ni shida ingine kabisa. Mdiria mdogo, yule wa rangi ya buluu anayekaa kwenye tete kando ya maji, ana sentimita 13 tu toka mdomo mpaka mkia. Mita 10 toka kwako, kwa 300, foto ina upana wa sentimita 80, kwa hiyo yeye anachukua sehemu moja ya sita. Kwa 600 anachukua theluthi moja, sasa unaanza kuona manyoya. Lakini angalia vizuri: akiwa mita 20, hata hiyo 600 inakurudisha kwenye moja ya sita. Maana yake kusogea toka mita 20 mpaka 10 kunakupa kitu kilekile ambacho kubadilisha 300 kwa 600 kungekupa, na kusogea hakulipiwi. Kule kwenye maji ya Kipopo mi nafika kabla jua halijapanda, nakaa chini, natulia bila kusimama-simama, nusu saa inapita na ndege wanarudi wenyewe. Ukiwa na gari baki ndani, zima injini, egemeza lenzi kwenye dirisha juu ya nguo iliyokunjwa, ndege anamwogopa mtu anayetembea kuliko gari lililosimama.

Sasa mwanga, na hapa ndo pesa nyingi zinapotea. Namba ya f ikiwa ndogo lenzi inaingiza mwanga zaidi. Toka f/5.6 mpaka f/2.8 mwanga unakuwa mara nne. Saa kumi jua likiwaka hutaona tofauti kubwa, unapiga spidi ya 1/1600 ya sekunde kwa ISO 400 (ISO ni namba ya kukuza mwanga, ikipanda sana foto inaharibika) na kila mtu anafurahi. Lakini mwezi wa sita huku kwetu jua linazama kabla kidogo ya saa kumi na mbili, na giza letu haliji polepole. Zile dakika za mwisho za mechi, ambazo ndo magoli mengi ya mtaani yanaingia maana watu wamechoka na mabeki wamelala, mwenye f/5.6 akitaka 1/1000 anapandishwa mpaka ISO 12800 wakati mwenye f/2.8 yuko 3200. Kwenye aparei ya zamani hiyo ni tofauti kati ya foto na uji wa nukta nukta.

Na kabla hujalaumu lenzi, angalia spidi ya shata. Jumapili moja Katuba kijana alinijia kando ya uwanja, jasho linamtoka, ananionyesha skrini, «Yaya, angalia, foto yote iko flu, haina ukali, nataka niuzishe hii objektifi.» Alikuwa na 55-250 ya kawaida tu. Nikafungua maelezo ya foto: 1/160. Stabilaiza ilikuwa imewashwa, naye aliamini itamsaidia, lakini stabilaiza inatuliza mkono wako, haimtulizi mtu anayekimbia. Tukaweka 1/1000, ISO 1600, lenzi ikiwa wazi kabisa, fokasi ya kufuata kitu kinachotembea. Kona iliyofuata kipa aliruka na kijana akabonyeza. Tulipokuza ile foto tuliona vidole vya kipa vimefunguka, mshono wa mpira unaonekana, na chini ya viatu vyake vumbi jekundu limesimama hewani kama moshi. Lenzi ileile. Hakuuza. Kwa mpira usishuke chini ya 1/800, kwa ndege anayeruka anza 1/1600 uende juu.

Kwa hiyo ninunue nini? Kama ndo unaanza, chukua 55-250 ama 70-300 yenye stabilaiza na usione haya. Ile ya Canon 55-250 IS STM ina gramu 375 tu, unazunguka nayo siku nzima. Usiichanganye na 75-300, kwenye soko la okazyo, la vitu vilivyotumika, zinapangwa pamoja na bei zinakaribiana, lakini 75-300 nyingi hazina stabilaiza na fokasi yake ni nzito. Piga nayo miezi mitatu halafu fungua foto zako ulizozipenda, uangalie ulizipiga kwa milimita ngapi. Ukikuta karibu zote ziko 250 ama 300 na bado umezikata pembeni kuzikuza, unahitaji urefu. Ukikuta ziko 100 mpaka 200 lakini ISO iko juu na rangi zimekufa, unahitaji mwanga. Foto zako mwenyewe zitakushauri vizuri kuliko mimi.

Kwa mtu wa mpira ambaye ameshaona shida yake ni mwanga, 70-200 f/2.8 ndo lenzi, na nasema hivyo bila wasiwasi hata kama ni ya zamani, hata kama haina stabilaiza, maana kwa 1/1000 stabilaiza haina kazi kubwa. Uzito ni kama kilo moja na nusu, mkono utasema baada ya dakika 90. Ikikushinda bei iko ndugu yake ya f/4, ile ya Canon isiyo na stabilaiza ina gramu 705, unapoteza nusu ya mwanga lakini ukali wake ni mzuri sana. Kwa mechi za saa tisa juani ningechukua hiyo na makuta yanayobaki ninunue batri na kadi.

Mtu wa ndege aende kwenye 150-600 za Tamron ama Sigma, ama 200-500 ya Nikon. Hizo ndo zilifanya watu wa kawaida wafike huko mbali, zamani ilikuwa ni lenzi za watu wa magazeti makubwa peke yao. Zina kama kilo mbili ama zaidi, kwa hiyo hesabia na monopodi, yule mguu mmoja, kwenye bei yako toka mwanzo. Mwisho wa zumu nyingi zinafika f/6.3, ni lenzi ya asubuhi na ya jua. Kuna anayetaka vyote viwili, ndege na mpira, huyo namwambia 100-400, haishindi mahali popote lakini haimuachi mtu nyumbani. Wenye aparei mpya zisizo na kioo ndani (mirrorless) wana bahati yao, Canon RF 100-400 ina gramu 635 tu na inashika fokasi hata kwa f/8, wakati aparei nyingi za kioo za zamani kwa f/8 zinakata tamaa. Ndo sababu nakukataza dubla, ile telekonvata inayowekwa kati ya lenzi na aparei kuongeza urefu, kwenye 70-300: ya 1.4 inakula nusu ya mwanga, ya 2 inabakiza robo, na fokasi inaanza kwenda mbele kurudi nyuma bila kushika.

Marafiki wa Bukavu wananiuliza ya magorila wa mbuga ya Kahuzi-Biega, nao wanafikiri ni lazima lenzi ndefu. Hapana. Mle ndani miti imefunika, ni giza, na ziara zikiwa zimefunguliwa walinzi wanakupeleka mpaka mita chache tu toka kwa wanyama. Mita 10 kwa 200 ni upana wa mita 1.2, kifua na kichwa cha dume vimejaa. Huko peleka 70-200 f/2.8 na uache 600 nyumbani. Upemba ni kinyume, ni mbuga wazi na pundamilia wako mbali, huko milimita zote ulizonazo zina kazi.

Ukitaka kujaribu lenzi kabla hujasafiri popote, nenda zoo yetu hapa mjini. Weka lenzi karibu kabisa na waya, hata iguse, fungua f mpaka namba ndogo, vuta zumu mpaka mwisho, na subiri mnyama akae mbali na waya. Waya unapotea kabisa. Usipige kupitia waya ukiwa umepigwa na jua, kaa upande wenye kivuli.

Ya okazyo sasa, maana wengi wetu ndo tunanunua hivyo. Lenzi yangu ya kwanza ya kuvuta mbali niliinunua kwa mtu mjini, aliniwekea kwenye aparei yake, ikafokasi vizuri, nikalipa. Nyumbani kwenye yangu ikakataa. Ilikuwa lenzi isiyo na mota ya fokasi ndani, na aparei yangu ya Nikon ya familia ya D3000 nayo haina mota ndani ya mwili, kwa hiyo hakuna wa kuizungusha, miezi nikapiga kwa kuzungusha mkono. Kwa familia ya D3000 na D5000 hakikisha lenzi ya Nikon imeandikwa AF-S ama AF-P, na AF-P nazo aparei kadhaa za zamani hazizikubali. Kwa Canon, EF-S haiingii kwenye fulufremu ya kioo. Dawa ni moja: beba aparei yako mwenyewe, na kadi yako.

Pale kwa muuzaji toa kofia zote mbili, washa tochi ya simu upande wa nyuma na uangalie kwa mbele. Vumbi kidogo si kitu. Ukiona nyuzi nyuzi kama buibui, ama mti mdogo wenye matawi, ni kuvu, rudisha. Mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma ni mbaya kuliko wa mbele. Halafu laza gazeti mezani, simama pembeni yake ili maandishi yakimbie kwenda mbali, vuta zumu mpaka mwisho, f ya namba ndogo kabisa, fokasi kwenye mstari mmoja, piga, kuza kwenye skrini. Ule mstari ndo uwe mkali, ukikuta ukali umekaa mstari wa mbele ama wa nyuma, fokasi imehama. Zungusha zumu taratibu karibu na sikio, ukisikia mchanga unasagika huyo ameshapita kiangazi chetu vibaya.

Na hicho kiangazi ni lazima ukiheshimu. Vumbi letu jekundu linaingia kila lenzi inayorefuka na kurudi, kwa hiyo ukibadilisha lenzi geuza aparei iangalie chini na upe upepo mgongo. Usifute kioo na tisheti, kwanza puliza na pampu ndogo ya mpira, ndo ufute. Mchana saa sita usishangae foto za mbali zinatikisika kama ziko ndani ya maji, ni joto linapanda toka ardhini na lenzi ya bei yoyote italiona, ngoja jioni ama sogea. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja toa lenzi kwenye mkoba, weka kwenye boksi la plastiki linalofunga kabisa, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya. Kila wiki mbili itoe uipige foto chache kwenye mwanga, kuvu inapenda lenzi iliyosahauliwa gizani.