Somo: Kuchukua na kusoma ECG (mchoro wa umeme wa moyo), kuanzia waya wa kwanza hadi wimbi la T

Wenzangu wauguzi na maafisa wa kliniki wa Kisumu, Siaya na Kakamega, hamjambo. Mwenye haraka anaweza kurukia hatua ya tatu, ila namwonya: karatasi iliyochukuliwa vibaya haisomeki hata kwa bingwa. Ndiyo maana nitakawia kwenye kuweka elektrodi.

Hatua ya 1: Mgonjwa na nyaya

Mwambie mgonjwa mapema kwamba mashine inapokea umeme wa moyo wake, haimtii umeme. Wazee wengi wakiona nyaya zote zile huogopa kupigwa shoti, na aliyekaza misuli kwa hofu hutoa mstari unaotetemeka. "Mama, naomba ulegeze mabega, hutasikia uchungu wowote." Vuta pazia, mpe leso ajifunike. Kwa joto la Kisumu kifua huwa na jasho: kipanguse kikauke, na nywele zikiwa nyingi zinyoe, la sivyo elektrodi hazitashika.

Elektrodi ni 10, lakini unapata lidi 12, yaani pembe 12 za kuutazama moyo uleule. Katika mpangilio wa rangi wa kimataifa, nyekundu ni mkono wa kulia, manjano mkono wa kushoto, kijani mguu wa kushoto, nyeusi mguu wa kulia. Mashine za mfumo wa Marekani hupanga rangi kwa namna nyingine, kwa hiyo soma herufi zilizo kwenye waya.

Za kifuani sasa, yaani V1 hadi V6. Papasa kidari kuanzia kooni ukishuka mpaka uguse kinundu cha mfupa. Pembeni yake ni ubavu wa pili, na chini ya ubavu huo ni nafasi ya pili. Teremka hadi nafasi ya nne. V1 inakaa ukingo wa kulia wa kidari, V2 ukingo wa kushoto. Ruka kwanza uweke V4: nafasi ya tano upande wa kushoto, sambamba na katikati ya mtulinga. V3 iwe kati ya V2 na V4. V5 na V6 zifuate usawa wa V4, moja kwenye mstari wa mbele wa kwapa, nyingine katikati ya kwapa. Chuchu isiwe alama yako, kwani kila mtu na yake. Kosa ninaloliona mara nyingi ni V1 na V2 kupandishwa juu mno, na hapo karatasi huzua ugonjwa ambao mgonjwa hana.

Hatua ya 2: Njia ya umeme

Msisimko huanzia kifundo cha SA, sehemu ya juu ya chumba cha juu cha kulia. Ukisambaa katika vyumba vyote viwili vya juu, unapata wimbi la P. Kifundo cha AV huuchelewesha kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, kama askari wa trafiki pale Kondele, ili vyumba vya juu vimalize kumwaga damu chini. Kisha hushuka upesi kupitia fungu la His, matawi ya kulia na kushoto, hadi nyuzi za Purkinje, na hiyo ndiyo QRS. Wimbi la T ni vyumba vya chini vikijitayarisha upya. (Herufi hizo tumerithi kwa Mholanzi Willem Einthoven, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Kwa nini hakuanza na A, mtajisomea wenyewe.)

SA hutoa mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Ikinyamaza, eneo la AV hushika zamu kwa 40 hadi 60. Hilo nalo likishindwa, vyumba vya chini hujikokota kwa 20 hadi 40.

Hatua ya 3: Kusoma

Hakikisha karatasi imekwenda milimita 25 kwa sekunde, na milivolti 1 ni milimita 10. Mraba mdogo ni sekunde 0.04, mkubwa 0.2. Gawanya 300 kwa miraba mikubwa iliyo kati ya R mbili (R ni kilele cha QRS): ikiwa minne, mapigo ni 75. Mapigo yasiyo na mpangilio yahesabu kwa QRS zote za sekunde 10, zidisha kwa 6.

Halafu jiulize, kwa utaratibu uleule kila mara: kila QRS imetanguliwa na P? Kila P imefuatwa na QRS? Kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS ni miraba midogo 3 hadi 5? QRS ni chini ya miraba midogo 3? Ndipo uangalie kama ST, kipande kati ya QRS na wimbi la T, imepanda au imeshuka. Maneno yaliyochapwa na mashine yafunike kwa kidole mpaka umalize.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Siaya: Mwalimu, lidi I yote imepinduka, P na QRS ziko chini. Ni nini?*
Kagua nyaya za mikono kwanza, hasa ikiwa aVR, mojawapo ya zile lidi 12, imesimama juu. Pengine umezibadilisha kulia na kushoto.

*Kutoka Kapsabet: Kijana mwanariadha ana mapigo 46. Nimpe rufaa?*
Kama hana kizunguzungu wala kuzirai, na P na QRS zinafuatana vizuri, huo ni moyo uliozoea mazoezi. Mwache akimbie.

*Kutoka Kakamega: Dada wa miaka 28, QRS hazina mpangilio, P sizioni.*
Hiyo inaelekea kuwa fibrilesheni ya vyumba vya juu, yaani vinatetemeka ovyo badala ya kupiga kwa mpangilio. Kwa umri huo na huku kwetu, fikiria vali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Anahitaji eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), na daktari aamue upesi kuhusu dawa ya kuzuia damu kuganda, maana hatari ya kiharusi ipo.

*Kutoka Nakuru: Mzee ana maumivu ya kifua, ECG ni safi. Aende nyumbani?*
Hapana. ECG ya kwanza, inayotakiwa ndani ya dakika 10 tangu afike, inaweza kuwa safi huku mshtuko wa moyo ukianza. Irudie kila dakika 15 hadi 30 maumivu yakiendelea, linganisha, na upime troponini, protini inayoingia kwenye damu msuli wa moyo ukiumia. Kama kituo chako hakina kipimo hicho, mpe rufaa, aende na karatasi zote zikiwa zimeandikwa saa.