Kabla hamjashusha nyaya za umeme chini mtaani kwenu, kaeni hapa kwanza

Lori la mchanga likishakata waya wa mtaa wenu mara tatu, lazima atatokea mtu kwenye kikao aseme jamani si tuzipitishe chini tu hizi nyaya. Kwetu mtu huyo alikuwa mimi. Kichochoro chetu kipo Dar, nyumba tisa, na leo nikisikia watu wanataka kufanya kama sisi nawaambia subirini kwanza, maana kuna hela nimezifukia mchangani kabisa, na sisemi kwa mafumbo.

Anzeni na waya ni wa nani. Ule wa nguzo kwa nguzo mpaka kwenye mita ni wa TANESCO, hamuugusi hata mkichangishana milioni ngapi. Mnaandika barua, wanakuja kupima, mnapewa gharama, na msishtuke, kufukia ni ghali mara kadhaa kuliko kusimamisha nguzo. Zile za volti 11,000 na 33,000 ndo kabisa, achaneni nazo. Baada ya mita ndo kwako. Na siku hizi mita nyingi zinafungwa nguzoni wewe unabaki na rimoti ya kusomea yuniti ndani, kwahiyo kile kipande cha kutoka nguzoni mpaka kwako ni mzigo wako na fundi wako. Fundi awe na leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, uione kwa macho, asikwambie ipo nyumbani.

Mkikatisha barabara ya mtaa, kibali TARURA, wale wakala wa barabara za mijini na vijijini. Bomba la maji linapita wapi, ulizeni DAWASA kabla ya sururu, sio baada. Watu wa intaneti na simu waambieni mapema washuke pamoja na nyie, la sivyo umeme utashuka na nguzo itabaki pale pale imebeba waya zao na kunguru.

Mtaro uwe futi mbili mpaka tatu, panapopita magari ongezeni na kebo ipite ndani ya bomba gumu. Mchanga laini chini, mchanga laini juu, mawe hapana. Halafu ile tepu ya onyo inatandazwa juu kabla hamjamaliza kujaza, ili mwenye sururu wa miaka mitano ijayo akutane na tepu kwanza. Wekeni na bomba moja la ziada tupu, halili ugali.

Kebo nunua amadi, ile yenye nyaya za chuma zinazoizunguka, na saizi muulize fundi aipige hesabu upya maana ikiwa ardhini joto halitoki sawa na ikiwa hewani.

Sasa urefu. Hapa ndo niliungua.

Fundi wangu alipima kwa hatua, kutoka nguzoni mpaka ukutani, akasema mita 32, mi nikanunua 35 nikajiona mjanja. Kumbe kebo haitembei kwa miguu. Inateremka nguzo karibu mita saba, inaingia mtaroni, inazunguka kona ya choo cha zamani cha jirani, na amadi huikunji kama karatasi, inataka kona pana, halafu inapanda ukuta. Ikapelea mita kama nane hivi. Mimi niko kazini, fundi hakupiga hata simu. Akaokota kipande kilichobaki kwa jirani, akaunga hapo hapo katikati ya mtaro, akazungushia tepu nyeusi, juu yake mfuko wa rambo, sijui hata aliutoa wapi na ulishapigwa marufuku tangu 2019, akafukia, pevingi zikarudishwa. Narudi jioni uwanja unang'aa, nikampa na hela ya soda.

Masika yakaingia, yuniti zikaanza kuyeyuka. Nikamlaumu dada na pasi yake, nikamlaumu kijana na magemu yake. Usiku mmoja wa mvua nikazima meni swichi, nyumba nzima giza, nikaandika yuniti zilizo kwenye rimoti nyuma ya bahasha nikalala. Asubuhi yuniti mbili hazipo. Mita iko nguzoni, nyumba imezimwa, sasa nani kala?

Umeme ulikuwa unavujia ardhini njiani, ila wapi hakuna aliyejua. Hakuna picha hata moja ya mtaro ukiwa wazi, hakuna vipimo, simu ya fundi inaita tu. Tukachimba siku mbili, pevingi moja moja. Rambo tukaikuta kama mita 11 kutoka nguzoni, imejaa maji, kopa imeota ukijani. Na juu yake pale ndo watoto wa kichochoro wanachezeaga rede, peku.

Kwahiyo pima kwa kamba njia yote, kupanda na kushuka, halafu ongeza. Kiungo ardhini usikubali, na kikilazimika iwe kwa ile seti maalum ya kuungia kebo, inayomiminiwa gundi ikaganda, na ujue kiko wapi. Mtaro usifukiwe hujafika wewe mwenyewe. Piga picha kipande kwa kipande, tepu ya kupimia ionekane kutoka ukutani mpaka kwenye kebo, zitume kwenye grupu la mtaa zisibaki kwenye simu moja.

Na msidanganyane kwamba chini hakukatiki. Kunakatika mara chache, ila waya wa juu ukikatika unauona umelala, wa chini unatafutwa. Waulize Wazanzibari, kebo yao ya baharini kutoka bara ilipoharibika walikaa gizani kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Yenu sio ya baharini sawa, ila majenereta msiuze.

Kama mtaa unajaa maji, boksi la kugawia umeme linyanyuliwe juu ya alama ya mafuriko, mnayoijua kutoka ukutani kwenu. Matundu ya mabomba zibeni, panya wanaingia. Mtaro ukilala wazi usiku wekeni taa na kamba, sisi babu wa nyumba ya nne alitumbukia na baiskeli yake. Na funguo za boksi jamani msimkabidhi mtu mmoja, hasa yule anayesafiri kila wiki.