Kansa ikishapanda kichwani: namna ya kumuuguza mtu wako nyumbani

Daktari kashasema imefika kwenye ubongo, mmerudi nyumbani na ile bahasha kubwa ya picha na karatasi ya dawa, na hakuna aliyewaambia kesho asubuhi mnaanzia wapi. Haya ni ya kwenu mnaouguza, maana kazi kubwa iko kwenu sio wodini.

Kwanza muelewe hiyo sio kansa mpya, ni ileile imesafiri na damu, na za mapafu, ziwa, figo na ile ya ngozi inayoitwa melanoma ndo zina tabia hiyo sana. Kwaiyo faili la zamani msilitupe, hasa majibu ya kile kinyama kilichopimwa mwanzo, kwa sababu siku hizi kuna dawa zinazofika mpaka kwenye ubongo na daktari anazichagua kwa kuangalia hayo majibu.

Sasa dexa. Ni kidonge kidogo cha bei rahisi, deksamethasoni, na mimi nasema mkiijua hii vizuri nusu ya uuguzaji mmeimaliza. Haiui kansa, inapunguza maji yanayojaa kuzunguka uvimbe, ndo maana mtu aliyekuwa anatapika kila alfajiri na kichwa kinamuuma anaweza kuamka baada ya siku moja mbili anaomba chai, alafu ndugu wanasema kapona wanaacha kumpa. Jamani msikatishe ghafla! Akishaitumia wiki kadhaa mwili unaacha kutengeneza homoni yake wenyewe, mkikata tu anaweza kuanguka presha, na kile kichwa kinarudi. Anayepunguza dozi ni daktari, kidogokidogo. Mpe asubuhi akishakula, na kama ni mara mbili kwa siku ya pili isivuke saa nane mchana maana ya jioni itamkesha na nyie mtakesha nae. Sukari inaweza kupanda hata kwa asiye na kisukari, kwaiyo akianza kiu kali na mkojo kila saa mpimeni. Muangalieni na ulimi, utando mweupe ni fangasi na una dawa. Mapaja yanalegea pia, utaona anashindwa kuinuka kwenye kochi, msimwambie anadeka, mtafutieni kiti kirefu. Na zile diklofenaki, vidonge vya maumivu vya duka la dawa, msimchanganyie na dexa bila kuuliza, tumbo linaweza kutoa damu.

Kuna dalili moja inavunja nyumba kuliko maumivu, nayo ni kubadilika tabia. Mtu mpole anaanza kutukana, au anakaa tu hana habari na mtu, na hapo ndo maneno ya kurogwa yanaanza na nauli ya kliniki inaishia kwa mganga. Uvimbe ukikaa sehemu ya mbele ya ubongo tabia inabadilika, basi. Msibishane nae, punguzeni kelele na wageni, semeni jambo moja moja, na daktari aambiwe kwa sababu nayo ni dalili kama dalili nyingine, hata dexa yenyewe inaweza kumfanya mtu awe mkali.

Akipata degedege mlaze ubavu, sogeza meza na vyombo, angalia saa. Usimkandamize, usimtie kijiko mdomoni wala maji, na mambo ya kumnusisha kiatu acheni. Ikipita dakika 5, au ikirudi kabla hajazinduka, tafuteni gari. Baada ya hapo atapewa dawa za kifafa na ni za kila siku kwa saa zilezile. Asiendeshe, asipande bodaboda, asiachwe peke yake na jiko la mkaa, na komeo la bafuni litolewe.

Upande mmoja ukikosa nguvu, shati linaanza na mkono ule dhaifu: wewe pitisha mkono wako kwenye kikono cha shati kuanzia kwenye tundu la kiganja, shika vidole vyake uvivute taratibu, ndo uje mkono mzima. Kuvua ni kinyume, mzima utoke kwanza. Kula akae wima kidevu kishuke kidogo, na uji mzito una usalama kuliko maji. Akikohoa kila akimeza simamisha upige simu kliniki, chakula kinaelekea mapafuni.

Kwa daktari ulizeni viuvimbe ni vingapi. Vikiwa vichache inawezekana upasuaji au mionzi ya kulenga uvimbe wenyewe tu. Vikiwa vingi mara nyingi ni mionzi ya kichwa kizima, siku 5 au 10 hivi, nayo inaondoa nywele, inachosha na inaweza kugusa kumbukumbu. Alafu ulizeni bila aibu: itamuongezea nini? Utafiti wa QUARTZ uliotoka 2016, Uingereza na Australia, ulifuata wagonjwa 538 wa kansa ya mapafu ambao hawakufaa kwa upasuaji wala mionzi ya kulenga, na waliopigwa mionzi ya kichwa kizima waliishi karibu sawa na waliopewa dexa na matunzo tu. Hiyo ni mapafu, zingine zina hesabu zake, ila familia ikichagua mgonjwa abaki nyumbani isisimangwe kwamba imemtelekeza.

Maumivu yakizidi ulizeni tiba shufaa, yaani matunzo ya kupunguza maumivu na mateso, hospitali ya kansa ya Ocean Road pale Dar wanayo, na Nairobi Hospice ipo tangu 1990. Morfini ya maji ni dawa kali ya maumivu, sio dawa ya kumuua mtu, ila inafunga choo, kwaiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo.

Na yale mazungumzo mazito msiyasubirishe, maana kauli inaweza kupotea kabla ya mambo mengine. Kiwanja kina hati wapi, anamdai nani, watoto wakae na nani, angependa kuwa wapi hali ikibadilika. Muulizeni asubuhi, dexa ikishafanya kazi na kichwa kimetulia, awepo na mtu mmoja wa kuandika.