Kuzika intraneti isiyosomwa na mtu na kuweka nyingine mahali pake

Kazini kwetu intraneti, yaani tovuti ya ndani ya wafanyakazi tu, ilikuwa na jina la utani: Makaburini. Ukimwuliza mtu fomu ya likizo iko wapi, anakujibu, "Iko Makaburini, ila mpigie tu dada wa utumishi akurushie WhatsApp." Nimeshabadilisha mifumo ya namna hii mara tatu hapa Dar es Salaam, na ile ya kwanza niliivuruga kabisa. Mwongozo huu ni wa yule aliyeitwa kwa bosi akaambiwa, "Tafuta kitu kipya, watu hawasomi matangazo." Sina programu ya kukuuzia.

Hatua ya 1. Itafute intraneti ya kweli

Kila ofisi tayari ina intraneti inayofanya kazi: magrupu ya WhatsApp, pamoja na mtu mmoja anayepigiwa simu na wote. Kwetu mtu huyo alikuwa dada wa utumishi. Niliomba kiti pembeni ya meza yake siku mbili, nikawa na daftari. Kila simu iliyoingia niliandika swali kwa maneno ya muulizaji mwenyewe, sikuyapamba.

"Dada, nimebakiza siku ngapi?"
"Slipu ya mwezi wa tatu naipataje, benki wanaitaka leo."
"Mke wangu kajifungua jana, napewa siku ngapi?"
"Masurufu yangu ya Mbeya yameshasainiwa au bado?"

Siku ya pili mchana nilikuwa naweka alama tu pembeni ya maswali yale yale. Hakuna hata mmoja aliyepiga simu kuuliza Dira na Dhima ya kampuni, na ndiyo iliyojaza nusu ya ukurasa wetu wa mbele, na picha ya mkurugenzi akikata utepe.

Kisha mwombe mtu wa kompyuta kumbukumbu za seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti, uone kurasa zipi zinafunguliwa na watu wanaishia wapi. Kwetu wengi waliishia kwenye ukurasa wa kuweka nywila.

Hatua ya 2. Andika majibu kabla ya kuchagua programu

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Chukua maswali ya daftari, kila moja lipe ukurasa wake mfupi.

Mfano wa likizo. Zamani jibu lilikuwa ndani ya kanuni za utumishi zilizoskaniwa, kwa hiyo hata ukitafuta neno "likizo" halionekani. Sisi tuliandika hivi:

"Likizo ya mwaka ni siku 28. Zinahesabiwa mfululizo, na Jumapili na sikukuu zilizomo ndani nazo zinahesabika. Baba aliyepata mtoto ana siku 3, na lazima azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kuomba, bonyeza hapa."

Namba hizo ni kiwango cha chini kilichowekwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kampuni yako ikitoa zaidi, andika zako. Angalia lakini ile habari ya siku 7. Mtu ambaye mkewe kajifungua jana hana muda wa kupekua kanuni, na akichelewa haki yake imeshapita. Sentensi kama hiyo ndiyo inayomfanya mtu arudi kesho.

Chini ya kila ukurasa weka cheo cha mwenye ukurasa na tarehe aliyoukagua mara ya mwisho. Akikosekana wa kuubeba, ukurasa hauwekwi kwenye tovuti. Meneja wetu wa fedha alikasirika kurasa zake nne zilipoachwa nje, akamteua mtu jioni ile ile.

Hatua ya 3. Jaribu kwa simu ya bei rahisi

Usijaribie kwenye kompyuta yako ya ofisini. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, na mimi sijawahi kujuta kumfuata. Ila hao watano wasiwe wote wa makao makuu. Tafuta dereva, fundi, mtunza bohari, mhudumu wa mapokezi.

Mtunza bohari wetu wa Mbeya alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Nikamwambia, "Omba likizo ya siku mbili," kisha nikanyamaza. (Kunyamaza ni kugumu kuliko unavyodhani.) Akatazama, akabonyeza "Rasilimali". Nikamwuliza kwa nini. "Si ndiyo vifaa? Nilijua nitakuta mambo ya stoo, halafu nirudi." Tulikuwa tumefupisha "Rasilimali Watu" ili neno lienee kwenye kioo cha simu. Jioni hiyo tuliling'oa, tukaweka "Likizo", "Mshahara", "Safari", "Namba za simu". Vivyo hivyo "idhinisha" tukaifanya "pitisha", kwa sababu ukisikiliza watu kwenye korido wanasema, "Bosi kapitisha?"

Hatua ya 4. Mlango wa kuingilia

Mfumo wetu wa zamani ulidai barua pepe ya kampuni. Madereva na mafundi hawakuwa nayo, kwa hiyo zaidi ya nusu ya wafanyakazi hawakuwa na namna ya kuingia, halafu tukawalaumu kwamba hawasomi! Ruhusu namba ya simu na msimbo unaotumwa kwa SMS. Na mtu akihama au akiacha kazi, namba yake iondolewe kwenye mfumo siku hiyo hiyo.

Kurasa ziwe nyepesi. Bando ni la mfanyakazi, si lako. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya ukanda huu ilikokota miguu kwa siku kadhaa. Siku kama hizo, ukurasa wa maandishi una nafasi kubwa ya kufunguka kuliko ule wenye video ya salamu za mwaka mpya.

Hatua ya 5. Programu

Kama tayari mnalipia Microsoft 365, huenda SharePoint, programu ya kutengenezea tovuti za ndani, imo humo humo kwenye kifurushi chenu. Wa Google wana Sites, ya kazi hiyo hiyo. Mwenye fundi mzuri anaweza kutumia WordPress iliyofungwa kwa nywila. Muuzaji yeyote akija, mwulize jambo moja: nikitaka kuondoka, vitu vyangu navitoaje? Mwaka 2024 Meta, kampuni ya Facebook, ilitangaza kuifunga Workplace, mtandao wake wa mawasiliano ya ofisini, na makampuni yaliyokuwa yameweka mazungumzo yao yote humo yakaanza kuhangaika na kuhamisha.

Hatua ya 6. Usihamishe takataka

Hamisha vyenye mwenyewe tu. Kumbukumbu za kisheria zipelekwe masijala, zilizobaki zifungwe zisomeke bila kuguswa. Anwani za zamani zinazotumika sana zielekezwe kwenye kurasa mpya.

Hatua ya 7. Mahali pa kuuliza

Uongozi ukisema unataka wafanyakazi washiriki, mara nyingi maana yake ni wafanyakazi wabonyeze "nimependa" kwenye tangazo. Kaa nao kabla ya kufungua ukurasa wa maswali kwenye tovuti mpya, mkubaliane kwa maandishi: nani anajibu, ndani ya siku ngapi, na nini kitafutwa. Sisi tulikubaliana siku 3, na cha kufutwa ni matusi na siri za mtu binafsi, basi.

Swali letu la kwanza lilitoka kwa fundi: "Posho ya safari ilipandishwa lini mara ya mwisho?" Ndani ya saa moja mkuu wa idara alinipigia, lifutwe. Nikamsomea makubaliano, nikampigia mkurugenzi. Kesho yake fedha wakajibu mistari mitatu: haijapanda muda mrefu, pendekezo liko kwa bodi, jibu tutalitoa hapa hapa baada ya kikao. Halikuwa jibu tamu. Lakini watu waliona swali halikufutwa na aliyeuliza hakuitwa ofisini. Wiki iliyofuata dereva mmoja akauliza kwa nini gari linakwenda Morogoro tupu kila Alhamisi. Hakuna aliyekuwa na jibu, na safari ile ikaondolewa kwenye ratiba.

Hatua ya 8. Siku ya kuhamia

Mara ya kwanza nilifanya sherehe: fulana, keki, hotuba. Baada ya wiki mbili fulana zilikuwa bado zinavaliwa, lakini watu walikuwa wamerudi kwa dada wa utumishi.

Siku hizi nazindua wiki ya mshahara, slipu zikiwa ndani ya mfumo mpya. Na dada wa utumishi haachi kujibu WhatsApp, ila badala ya fomu anatuma kiungo cha ukurasa wenyewe. Usipigane na WhatsApp, utashindwa. Iwe barabara ya kufikia nyumbani, si stoo ya nyaraka. Grupu lina kikomo cha watu 1,024, kila mmoja anaona namba ya mwenzake, na mara nyingi aliyeacha kazi mwaka juzi bado yumo kimya anasoma. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Mkeka wa majina wenye mishahara au habari za ugonjwa usirushwe humo kabisa.

Hatua ya 9. Rudi na daftari

Idadi ya waliotembelea ukurasa haikuambii mengi, maana aliyepotea naye anafungua kurasa nyingi. Baada ya miezi mitatu nilirudi kwenye kile kiti pembeni ya meza ya dada wa utumishi. Asubuhi nzima simu ililia mara chache hata akapata nafasi ya kunywa chai ikiwa ya moto. Karibu na saa sita ikalia, akaiweka spika.

"Dada, huo ukurasa wa likizo unasema siku 28. Bosi wangu ananiambia 21. Nimwoneshe?"

Dada akanitazama, akacheka. "Mwoneshe, kaka," akasema, nami nikaliandika swali kwenye daftari.