Gereji ya nyumba ya zamani kwenye kiwanja chenye mteremko

Nyumba nyingi za enzi ya mkoloni Dodoma mjini, Mpwapwa na Kondoa hazikutengewa pa kuweka gari. Anayeongeza gereji mara nyingi huanza kuchagua bati na geti. Mteremko na maji ndivyo vya kuanza navyo, na kibali cha halmashauri kipatikane kabla jembe halijagusa ardhi.

Pima mteremko kwa vigingi na mpira mwangavu uliojaa maji; maji hulala usawa mmoja kwenye ncha zote mbili. Tuseme kutoka geti hadi mlango wa gereji ni mita 9 na ardhi inapanda mita 1.5. Hiyo ni mita 1 kwa kila mita 6, ni kali mno. Lenga 1 kwa 8, na mita 2 za mwanzo na 2 za mwisho ziwe 1 kwa 16 ili bampa lisikwaruze. Kwa vipimo hivyo unahitaji njia ya mita 14. Kama nafasi ni mita 9 tu, utapanda sm 87, kwa hiyo sakafu ishuke kama sm 63 chini ya ardhi ya mlangoni.

Kushusha huko kunaipendezesha nyumba, maana gereji inainama na nyumba inabaki juu. Lakini mteremko ukiendelea hivyohivyo, ukuta wa nyuma wa gereji ya mita 6 utasimama kwenye mkato wa karibu mita 1.6. Hapo tofali za inchi 6 hazizuii udongo. Zitapasuka na kuinama. Muite mhandisi akuchoree ukuta wa zege na nondo. Msingi wa nyumba ya zamani mara nyingi ni mawe yaliyolazwa si kwa kina kirefu, kwa hiyo kaa mbali nao angalau mara mbili ya kina cha mkato, yaani mita 3.2. Ukiusogelea zaidi ya hapo, udongo chini ya msingi hulegea na nyufa huanzia kwenye pembe za madirisha.

Ukuta wa kuzuia udongo usiwe ukuta wa gereji. Uache peke yake, na kati yake na gereji weka uchochoro wa sm 60 wenye mtaro wa zege unaoteremka pembeni. Nyuma ya ukuta, upande wa udongo, jaza kokoto sm 30, na upitishe ukutani vipande vya kutolea maji vya bomba la inchi 2 kila mita 1.5, sm 15 juu ya mtaro. Mvua za Dodoma huja kati ya Desemba na Aprili, kwa vishindo, juu ya ardhi iliyokauka kwa miezi. Fundi anayejenga Agosti huona mtaro ni anasa.

Sakafu ya mita 3.3 kwa 6: shindilia mawe sm 15, tandaza mchanga mwembamba, nailoni, wavu wa nondo, kisha zege sm 10 la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Ni kama mita za ujazo 2, mifuko 13 ya saruji. Iteremke sm 10 kuelekea mlangoni. Upepo mkavu wa huku hukausha zege kabla halijakomaa, basi lifunike magunia na umwagilie siku 7.

Sasa sura. Pima mwinuko wa paa la nyumba ndani ya dari: kamba ya mlalo mita 1, halafu urefu wa wima hadi kenchi. Gereji ifuate kipimo hicho, na kofia yake, yaani kilele cha paa, isipite ukingo wa paa la nyumba. Chagua bati za mawimbi zilizopakwa rangi ya paa la zamani. Za mtindo mpya uitwao msauzi zitaonekana ngeni. Kama ni magari mawili, milango miwili ya mita 2.6 yenye nguzo katikati hufanana na nyumba kuliko tundu moja la mita 5. Mbao za mlango zisimame wima. Ukiifungua nje hakuna tatizo hapa, kwani njia inashuka kutoka mlangoni. Gereji ikiwa chini ya barabara, ubao wa mlango utagonga njia inayopanda, na hapo tumia mlango wa kusukuma pembeni.