Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, uliza bodaboda

Dalali hawezi kukuambia ukweli kuhusu usalama wa mtaa, kwa sababu anasubiri pesa yake ya mwezi mmoja. Kwa Dar, mtu wa kumuuliza ni bodaboda wa kijiwe cha karibu na nyumba. Nenda saa nne usiku, taja nyumba kwa alama inayojulikana, kisha uliza: "Nauli shilingi ngapi, na utanishusha wapi hasa?" Nauli ya usiku kupanda kidogo ni kawaida. Cha kusikiliza ni pale anaposema anaishia, mfano "nakuacha kwenye transfoma, ndani siingii." Yeye akiingia pabaya anapoteza pikipiki, kwa hiyo anajua uchochoro upi una vibaka. Kipande kati ya hapo na geti lako ndicho utakachotembea kila usiku.

Uliza watatu, wa vijiwe viwili tofauti, maana mmoja anaweza kukupandishia bei kwa ugeni tu. Wakikataa, uliza sababu: msimu wa mvua huenda ni tope au daraja bovu, si wezi.

Njia hii haikwambii kitu kuhusu wizi wa mchana wala wale wanaovuta simu na nguo dirishani kwa upondo. Kwa hao tazama madirisha ya majirani. Wavu mgumu ulioongezwa juu ya nondo, nyumba baada ya nyumba, una sababu. Mwulize mama anayeuza mboga kwenye genge hapo nje, atakueleza.