RimWorld: chagua jirani kwanza, ndipo uchague ardhi

Wadogo zangu ninaocheza nao hapa Goma huanza RimWorld, mchezo wa kompyuta wa kujenga koloni kwenye sayari ya mbali, kwa mtindo mmoja. Wanazungusha sayari, wanaona makao ya maharamia, wanakimbilia kona ya mbali kabisa. Mwaka wa mchezo haujaisha wananiita: vipuri vimekwisha, dawa hakuna, na wavamizi bado wanakuja. Nami nilikaa hivyo muda mrefu kabla ya kujua kosa liko wapi.

Hatua ya 1: Soma orodha ya makundi ya watu wanaoishi kwenye sayari hiyo. Iko kwenye ukurasa uleule wa kuchagua pa kutua. Uhusiano hupimwa kuanzia -100 hadi 100, na ukifika 75 kundi linakuwa mshirika wako. Maharamia na makabila katili ni maadui wa kudumu, zawadi haiwabadilishi. Wapo wengine wanaoanza kwa uadui lakini hulainika ukiwapa zawadi au ukiwaachia huru watu wao uliowateka. Hao usiwafute kichwani.

Hatua ya 2: Acha kupima umbali wa maadui. Mchezo ukichagua kundi la kukuvamia hauangalii makao yao yako wapi. Nguvu ya uvamizi inafuata zaidi utajiri wa koloni yako na idadi ya watu wako. Ukijificha mbali umejinyima soko tu, na bunduki zitakufikia vilevile.

Hatua ya 3: Tafuta soko. Hapa tumia muda wako mwingi. Unataka miji ya watu wenye umeme na bunduki, kwa sababu ndiyo inayouza vipuri na dawa za kiwandani. Kwa makabila vipuri usivitegemee. Mimi natafuta miji miwili ya namna hiyo, kila mmoja ndani ya mwendo wa siku mbili hivi. Kwa nini miwili? Mji hujaza bidhaa upya baada ya siku 30 hivi, na mwaka wa mchezo una siku 60. Ukiumaliza mmoja, unaenda kwa mwingine. Tena majirani wa karibu ndio watakaokuletea maombi ya bidhaa yenye malipo mazuri.

Aliyekulia Birere, mtaa wa hapa Goma, analijua jambo hili bila kufundishwa. Mama anayevuka Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda, asubuhi na beseni lake, akarudi jioni na pesa, anaishi kwa mtaji mdogo. Soko lingekuwa mwendo wa siku tatu, nyanya zingeoza njiani. Katika mchezo pia chakula cha msafara kinaoza.

Hatua ya 4: Usijibanze ubavuni mwa mtu. Ukichagua pa kutua karibu mno na makao ya kundi, mchezo unakuonya kwamba uhusiano wenu utazidi kushuka. Lisome onyo hilo. Sogea nyuma vigae vichache, yaani vipande vya ramani ya sayari, mpaka lisitokee tena. Ukikaidi, utakuwa unatoa zawadi mfululizo ili uhusiano ubaki pale ulipokuwa.

Hatua ya 5: Fuata barabara. Hesabu vigae, lakini usiviamini peke yake. Vigae vinane vya barabara vinaweza kuwa vyepesi kuliko vinne vya milima au kinamasi, na majira ya baridi hurefusha safari zaidi. Muulize yeyote anayesukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, yenye magunia: lami ni kitu kimoja, mawe ya volkeno ni kitu kingine.

Hatua ya 6: Sasa ndipo uangalie ardhi. Siku za kulima, aina ya mawe, vilima vya kujikinga. Kati ya vigae viwili vitatu vilivyobaki, chukua chenye msimu mrefu wa kilimo.

Ukishatua, usingoje utajirike. Mavuno ya kwanza yakizidi mahitaji, wape watu wawili mzigo waende mji wa karibu kabla baridi haijaingia. Warudi na vipuri, na wewe uandike safari imechukua siku ngapi.